Ubeti wa Tatu

Shahidi wa kwanza, alipoulizwa mla daraja ni nani, alisema yeye alidhani ni mamba.

Mahakama nzima iliangua kicheko na hakimu akagonga meza. Shahidi huyo alikuwa muuza magazeti, mtu anayesoma kurasa zote kila asubuhi kabla hajauza nakala hata moja, na hakuna siri ya nchi hii isiyomfikia. Lakini siku ile alikuwa mjinga kuliko mtoto wa chekechea. Mamba, mheshimiwa. Si kuna mto ndani ya wimbo? Basi ni mamba.

Shahidi wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari. Alisema kazi ya sanaa ina tafsiri nyingi, akaanza kuzitaja moja baada ya nyingine, na alipofika ya tano hakimu akamwambia ashuke. Wa tatu ndiye aliyetuvunja mbavu. Alikuwa msaidizi wa Mkubwa mwenyewe, bwana mmoja wa suti ya kijivu, na yeye ndiye aliyepeleka malalamiko polisi. Mwendesha mashtaka alimsogelea kwa matumaini makubwa.

"Uliposikia habari za mtu aliyekula misumari ya daraja, saruji ya daraja na nondo za daraja, ni nani aliyekujia akilini?"

Msaidizi akairekebisha tai yake. Jasho lilianza kumtoka, maana alikuwa amegundua, mbele ya waandishi wa habari na watu wapatao mia, kwamba jibu alilotumwa kulitoa lilikuwa mtego. Akisema ni Mkubwa, basi yeye ndiye aliyesikia habari za mwizi akamfikiria bosi wake.

"Sikumfikiria mtu yeyote," akasema mwishowe. "Mimi nikiwa kazini huwa sifikirii."

Hata askari aliyekuwa amesimama karibu na mshitakiwa aligeukia ukutani ili tusimwone meno. Nami nilicheka hadi machozi yakanitoka. Sijacheka tena ndani ya jengo lile.

Mshitakiwa alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mtunzi na mwimbaji wa bendi yetu. Mimi napiga gitaa la besi, na watu hawaniiti jina jingine ila Besi, hata benki. Wimbo wenyewe, "Mla Daraja", ulikuwa umetoka mwaka ule ule wa kesi, na kabla mvua za kwanza hazijanyesha ulikuwa umeshika mji mzima. Vinyozi waliuimba, akina mama wa sokoni waliuimba, na watoto wa shule waliruka kamba kwa kiitikio chake. Kila mtu alijua unamhusu nani. Daraja la mji wetu lilikuwa limezinduliwa mara tatu, utepe ukakatwa mara tatu, na mpaka leo kilichosimama mtoni ni nguzo mbili zenye kutu ambazo ndege huzitumia kwa haja zao. Mkubwa, kiongozi aliyelizindua mara zote tatu, akiulizwa redioni, alikuwa na jibu moja tu: bado kidogo. Shemeji alilichukua jibu hilo akalifanya kiitikio, hakumtaja mtu jina, na nchi ikafurahi.

Kisha redio zikakatazwa kuupiga, na juma lililofuata shemeji akachukuliwa tukiwa mazoezini, mchana kweupe, kabla hata hajamaliza chai yake. Shitaka lilikuwa kumkashifu kiongozi wa umma. Adhabu yake ni miaka saba, na kwa mtu wa miaka hamsini na minane mwenye pumu, miaka saba ni kifungo cha maisha kilichoandikwa kwa adabu.

Ila sheria ilikuwa na kasoro ndogo iliyotupa matumaini. Ili afungwe, lazima mtu asimame mahakamani aseme kwa kinywa chake kwamba mla daraja ni Mkubwa. Nchi nzima ilijua, na nchi nzima haikuwa na mtu wa kulisema.

*

Mpelelezi alikuja nyumbani kwangu siku mbili baada ya shahidi wa tatu. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye viatu safi. Nilimkuta uani, ameinua uso, anaangalia paa la nyumba yangu.

"Bati zuri hili," alisema. "Geji nene. Ulipaua lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana mwezi wa nne," alisema, bila kuniangalia. "Mabati thelathini na mawili, na mbao zake."

Nilikuwa nimetoka kusafisha gitaa, na mkononi nilishika kile kitambaa changu cheupe cha kufutia nyuzi. Nilijifuta vidole kimoja kimoja, taratibu, nikakikunja kitambaa mara nne na kukirudisha mfukoni. Ni mazoea yangu. Jasho linaua nyuzi, na mtu aliyepiga besi miaka thelathini hujifuta vidole hata kabla ya kusalimia. Safari hii nilikuwa natafuta muda wa kupumua, maana nilishajua alichokuja nacho.

Nitakisema hapa kama kilivyo. Mpiga ngoma wetu, Mzee Fimbo, aliugua uvimbe wa tumbo. Hospitali ilitaka hela kabla ya kisu, na hela yenyewe ilikuwa nyingi. Tukafanya maonyesho matano ya kumchangia. Mawili ya mwanzo alipiga mwenyewe, amefunga tumbo kwa shuka, anatabasamu. Watu walitoa kuliko tulivyotarajia, na mimi, kwa kuwa ndiye mweka hazina wa bendi, nilizipeleka benki kwenye akaunti niliyoishika peke yangu. Mwezi huo huo paa langu la zamani lilianguka upande mmoja. Nilijiambia nakopa kwa muda tu. Nilijiambia tarehe ya upasuaji bado iko mbali, na kabla haijafika tutakuwa tumepata mkataba wa hoteli. Mkataba haukuja, tarehe ikaja ikapita, na Mzee Fimbo akafia wodini mwezi wa saba. Kwa wenzangu nilisema benki imechelewesha malipo. Kilichobaki nilinunulia jeneza. Hakuna aliyeniuliza, na kwa namna fulani hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Karatasi za benki ninazo," mpelelezi alisema. "Mimi sina haja ya kukuaibisha, ndugu yangu. Mambo ya bendi ni ya bendi. Ninachotaka ni sentensi moja tu. Njoo mahakamani useme mla daraja ni nani. Wewe umeupiga ule wimbo tangu siku ya kwanza, nani atakubishia?"

"Ni mume wa dada yangu."

"Najua. Na mjane wa mpiga ngoma ni jirani yako, nyumba ya tatu kutoka hapa." Alitazama tena bati. "Chagua unayeweza kumtazama usoni."

Alinipa mkono kwa heshima, akaenda zake. Nilisimama uani mpaka jua likanichoma utosi.

Kesho yake dada alikuja akitoka gerezani, amebeba bakuli tupu na kopo la dawa ya pumu lililokwisha. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua ushungi.

"Wanatafuta mtu wa bendi," alisema. "Askari mmoja ameninong'oneza. Wamemjaribu mpiga tarumbeta, amewafukuza. Mdogo wangu, kama wakikufuata, usigombane nao. Waambie tu hujui. Nimeshampoteza baba, nimeshampoteza mama. Nimebaki na nyinyi wawili."

"Sawa, dada."

"Unaumwa? Mbona umekonda hivyo?"

"Joto tu."

Alinitazama kwa yale macho aliyonilea nayo, akanyanyuka, akanifuta vumbi begani kama ningali na miaka sita. Mtu mwingine angevunjika pale pale. Mimi nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi ndani, nikapiga namba ya mpelelezi.

*

Kuna jambo moja la kazi yetu ambalo msikilizaji halijui. Mpiga besi hasikilizi maneno. Mwimbaji akiimba, mpiga kinanda husikiliza maneno ili ajue pa kuremba, na waitikiaji husikiliza ili wajue pa kuingia. Sisi wa besi tunasikiliza mguu wa mpiga ngoma, ule unaokanyaga ngoma kubwa. Sauti ya mwimbaji inapita juu, huko wanakopita ndege. Nimepiga nyimbo za mapenzi zilizowaliza wanawake ukumbi mzima, na nikiulizwa mpenzi huyo alikufa au aliolewa, sijui. Shemeji alikuwa akinitania kwa hilo: "Wewe siku moja nitakuimbia matusi na utanipigia besi tamu."

"Mla Daraja" nao nilikuwa nimeupiga zaidi ya mara mia mbili. Nilijua unaanza na misumari, nilijua kiitikio kwa sababu waitikiaji wanakipiga kelele sikioni mwangu, na nilijua ubeti wa tatu ndio mgumu, maana hapo besi inashuka ngazi kumi na moja bila kupumzika na vidole vinataka akili yote. Alichokuwa anaimba shemeji juu ya ngazi hizo, sikuwahi kujua; mitaani watu waliimba kiitikio tu, na redioni nilisikiliza besi yangu.

Siku ya ushahidi wangu mahakama ilijaa hadi veranda. Dada alikaa benchi la mbele. Aliponiona naingia kupitia mlango wa mashahidi wa serikali alidhani nimepotea njia, akanionyesha kwa kidole mlango wa wasikilizaji. Nilipoendelea kutembea, kidole chake kilibaki hewani.

Shemeji alikuwa amesimama mahali pake, viatu havina kamba, shati limemlegea shingoni. Sikumtazama. Niliapa, nikataja umri na kazi.

"Wewe ni nani kwa mshitakiwa?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Shemeji yake. Amemuoa dada yangu."

Minong'ono ilipita kama upepo, na hakimu akagonga meza.

"Wimbo huu umeupiga mara ngapi?"

"Sina hesabu. Mia mbili na zaidi."

"Basi unaujua kuliko sisi sote. Karani atausoma wote ili uingie kwenye kumbukumbu, kisha utaiambia mahakama mla daraja ni nani. Ni swali moja tu."

Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama, akakohoa, akaanza kuusoma wimbo wetu kama anavyosoma orodha ya vielelezo, bila kupanda wala kushuka. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na tarumbeta. Kwa mara ya kwanza maneno yalisimama peke yake, na mimi sikuwa na nyuzi za kuinamia.

Alisoma misumari. Alisoma saruji iliyoshushwa tumboni kwa lami. Watu walitabasamu, wengine midomo ikicheza kimyakimya. Akafika ubeti wa tatu.

*Mgonjwa kalala, angoja daraja,*
*Mlaji kaja na machungwa mawili,*
*Kaketi kitandani, upande wa miguu,*
*Kafuta vidole kwa kitambaa cheupe,*
*Kakikunja mara nne, karudisha mfukoni,*
*Kasema: bado kidogo, mzee wangu, bado kidogo.*

Karani akageuza ukurasa na kuendelea. Mimi sikuendelea naye.

Machungwa yalikuwa mawili kila Jumapili. Nilikuwa nayanunua kwenye lango la hospitali, moja lake, moja la mkewe, na nilikuwa nakaa upande wa miguu kwa sababu upande wa kichwa ningelazimika kumtazama. Mzee Fimbo alikuwa akiuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua: "Hela zimeonekana, Besi?" Nami najifuta vidole, nakunja kitambaa, namjibu. Mkubwa hajawahi kukanyaga wodi ile. Watu walikuwa wamecheka ubeti huo kumbi zote, wakidhani shemeji ametia chumvi, na hakuna aliyejiuliza mlaji alivukaje mto kumfikia mgonjwa wakati daraja ameshalila. Hakuvuka. Alikuwa akikaa upande ule ule, nyumba ya tatu.

Niliinua macho nikamtazama shemeji. Naye alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa amenitazama hivyo mara mia mbili. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama anavyofanya jukwaani nikitaka kuingia kabla ya wakati. Alikuwa ananikataza.

"Shahidi," mwendesha mashtaka akasema, "mla daraja ni nani?"

Nilikuwa nimekuja na jina la Mkubwa likiwa tayari. Nililifanyia mazoezi asubuhi ile mbele ya kioo, nikinyoa. Lakini kilichotoka kilitoka chenyewe.

"Ni mimi."

"Nimekuuliza mla daraja ni nani."

"Nimesikia. Ni mimi. Ubeti wa tatu unanihusu mimi."

Ukumbi ulicheka, wakidhani ni mamba mwingine. Mwendesha mashtaka alikunja uso. "Wewe umekula daraja gani?"

Nikaanza kusema. Nilikuwa nataka kuyatoa yote kwa pumzi moja, jinsi mtu anavyotapika, lakini hakimu aliinua mkono wake wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na kalamu.

"Polepole, shahidi. Naandika."

Ndivyo nilivyoungama, kwa mwendo wa kalamu. Nikisema maneno matano nasubiri. Maonyesho matano. Nasubiri. Akaunti niliyoishika peke yangu. Nasubiri. Mabati thelathini na mawili. Hakimu akauliza, thelathini na ngapi? Na mawili, mheshimiwa. Katikati ya sentensi na sentensi palikuwa na kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho nilisikia benchi la mbele likilia kwa uzito wa mtu anayenyanyuka. Dada alitoka bila kugeuka. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Mpelelezi, aliyesimama karibu na dirisha, alikuwa anatazama viatu vyake safi.

*

Baada ya wiki mbili hakimu alisoma uamuzi. Upande wa mashtaka ulishindwa kuonyesha kwamba wimbo unamhusu kiongozi yeyote wa umma, na shahidi wao wenyewe alikuwa ameeleza kwa ushahidi usiopingwa kwamba unamhusu mtu binafsi. Mshitakiwa yuko huru.

Mimi sikushitakiwa. Nilingoja wanifuate, nikafungasha hata nguo mbili na mswaki, lakini aliyekuja alikuwa yule msaidizi wa suti ya kijivu, safari hii anatabasamu. "Mkubwa anakusalimu," alisema. "Anasema umemsafisha mbele ya taifa. Ukiwa na shida yoyote, usisite." Nilimfungia mlango usoni, naye akacheka huko nje, kicheko cha mtu aliyefikisha ujumbe.

Siku iliyofuata marufuku iliondolewa. Redio ya taifa ikaanza kuupiga "Mla Daraja" asubuhi, mchana na jioni, na mtangazaji kabla ya kuupiga hueleza kwa sauti ya huzuni kisa cha mweka hazina wa bendi aliyekula fedha za mgonjwa. Mwezi wa kumi Mkubwa alikuja mtoni kulizindua daraja kwa mara ya nne. Wakapiga wimbo wetu kwenye vipaza sauti, naye akaucheza. Nilimwona kwenye televisheni ya duka la vinyozi: mikono juu, tumbo mbele, watu wanapiga makofi. "Sasa mmemjua mla daraja!" akasema. "Ni watu wadogo kama hawa, walio miongoni mwenu, ndio wanaoirudisha nchi nyuma!" Nguzo mbili zilikuwa nyuma yake, na ndege wametua juu ya nguzo hizo. Kinyozi alinitambua kupitia kioo. Alinimalizia kichwa, akakataa hela yangu kwa namna ya mtu anayekataa kushika kitu kichafu.

Watoto wananifuata njiani na kiitikio. Sina la kuwaambia, wanaimba vizuri.

Shemeji alikuja mara moja. Hakuingia, alisimama mlangoni akiwa na kopo lake la dawa mkononi, pumzi fupi fupi.

"Dada yako haji," alisema. "Usimngojee kwa sasa."

"Najua."

"Ningefungwa, Besi. Nilikuwa nimeshajiandaa. Umeniokoa, na wimbo umewapa wao."

"Ulijua tangu lini?"

"Mzee Fimbo aliniambia mwenyewe. Unadhani mtu aliyehesabu mapigo maisha yake yote hawezi kuhesabu watu ukumbini? Alijua hela zimetosha. Akanisihi nisimwambie mtu, kwa ajili ya dada yako. Nikakubali." Alivuta dawa, akatulia. "Lakini nilishindwa kuibeba. Nikatunga ubeti ule. Ndio niliotunga kwanza. Zile mbili za mwanzo, za misumari na saruji, niliziongeza baadaye, ili watu wamtazame Mkubwa wasikutazame wewe."

Mtu amekaa rumande miezi minne kwa sababu ya pazia alilonishonea.

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Nilikuwa nakuambia. Kila nikifika pale nilikugeukia, nakuimbia wewe, hatua mbili kutoka usoni mwako. Wewe umeinamia nyuzi."

Aliangalia juu kidogo, kwenye ukingo wa bati, kisha akaondoka. Tangu siku ile bendi ina mpiga besi mwingine.

*

Nilichukua siku nyingi kupiga moyo konde. Jumapili moja, saa kumi alasiri, nilitoka nyumbani nikahesabu milango: mmoja, wa pili, wa tatu. Sikubeba kitu. Nilimpita muuza machungwa wa mtaa wetu nikiwa nimetazama upande mwingine.

Mjane wa Mzee Fimbo alikuwa amekaa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo, redio ndogo imesimama dirishani. Ngoma za mumewe zilikuwa kona ile ile, zimefunikwa shuka la maua, lile alilojifunga tumboni kwenye maonyesho ya mwanzo. Hakushtuka kuniona. Alisogeza kibao kwa mguu.

"Karibu. Kaa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikakaa. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka kando na mengine. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, njia nzima nikiyapanga, na kila nilipotaka kuanza, kidole chake kilikuwa kinatafuta jiwe jingine, nami nikaona aibu kumkatiza.

Redioni mtangazaji alimaliza kusimulia kisa kwa ile sauti yake ya huzuni, na besi yangu ikaanza. Ilikuwa besi nzuri. Chini yake ulisikika mguu wa kijana aliyechukua nafasi ya Mzee Fimbo, unaowahi kidogo, na mama yule akatikisa kichwa kwa jinsi mke wa mpiga ngoma anavyotikisa kichwa akisikia mguu unaowahi. Misumari ikapita. Saruji ikapita.

"Mimi sitaki kelele," alisema, macho bado kwenye ungo. "Yeye mwenyewe hakutaka kelele. Watu wamekuja hapa wananiambia nikushitaki, nikutukane, niende nikubomolee nyumba. Nimewaambia sina nguvu hizo. Nina swali moja tu, Besi, hata yeye alikuwa nalo hilo hilo."

"Niulize, mama."

"Zile hela utazileta lini?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni na kukishika kitambaa. Mdomo ulikuwa umefunguka, na maneno mawili yamekaa tayari kwenye ncha ya ulimi, yale yale, hayakuhitaji hata kutafutwa. Dirishani besi ilianza kushuka ngazi zake kumi na moja. Mama aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akanyoosha mkono, akazima redio, ili anisikie vizuri.